Vitz ya kwanza, mfukoni 150,000: bima ipi inanifaa hapa Mtwara?

Kijana wa Chikongola (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu, wakubwa shikamooni.

Nina miaka 22, nakaa Chikongola, kazi yangu ni kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Makato yakishatoka nabaki na 320,000 kwa mwezi. Mama ameweka hela ya korosho misimu miwili, mjomba akaongezea, wakaninunulia Vitz kwa 7,500,000 kutoka kwa mtu wa Dar. Lengo lao nimpeleke mama kliniki Ligula bila kumpandisha bodaboda na mgongo wake ule, na mimi niwahi kazini. Gari limefika Jumamosi. Bima ya mwenye gari wa zamani imeisha jana.

Mkononi nina 150,000, na hiyo ndiyo ya kunifikisha mwisho wa mwezi. Kuna jamaa karibu na stendi anasema atanipa stika ya mwaka mzima kwa 60,000. Mwenzangu kazini anasema kwa umri wangu kampuni zitanipandishia bei mara mbili, bora niikate kwa jina la mjomba. Wa tatu anasema bima ndogo ni ya kumridhisha trafiki tu, kama siwezi kukata bima kubwa nikae bila.

Hela yenyewe ni jasho la mama. Sitaki kuichezea. Mwenye kujua anieleze taratibu, nitasoma kila kitu.

Fundi wa Magomeni

Hongera mdogo wangu, Mungu alijaalie.

Mimi nanyoosha bodi, magari yaliyogongwa nayaona kila wiki. Jambo moja tu kwa leo: hiyo ya 60,000 achana nayo kabisa. Mengine waje wenye taaluma.

Dada wa Stika

Mdogo wangu, mwaka wa tisa huu niko wakala wa bima hapa mjini. Nitakueleza kama ninavyomweleza mteja aliyekaa mbele ya meza yangu, uvumilie urefu.

Tuanze na bei, maana hapo ndipo wanapokuchanganya. Bima ndogo ya gari binafsi haina kupatana. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, imeweka kiwango cha chini cha 100,000. Weka VAT ya asilimia 18 juu yake, unapata 118,000. Ukiikata Shangani, Masasi au Kariakoo, ni hiyo hiyo. Kwa hiyo anayekuuzia kwa 60,000 hajakufanyia punguzo, hana bima ya kukupa. Hiyo hela yake inakaribia bei ya bima ya pikipiki, ambayo ni 59,000 pamoja na VAT, na Vitz si pikipiki.

La umri. Kwenye bima ndogo umri wako hauongezi hata shilingi. Mwenye miaka 22 na mwenye miaka 62 wanalipa 118,000 sawa. Maneno ya vijana kulipishwa mara mbili yanatoka nchi kama Uingereza, kule kampuni inakokotoa bei kwa umri wa dereva na mtaa anaokaa. Watu wanayasikia mitandaoni wanadhani na hapa ni hivyo. Basi kujificha nyuma ya jina la mjomba hakukuokolei chochote, na kunakuachia tatizo la kueleza siku ya ajali.

Umri una kazi yake kwenye bima kubwa, nako hauingii kwenye bei. Unaingia kwenye ekses, yaani kile kiasi unachojibebea mwenyewe kila unapodai kabla kampuni haijaanza kulipa. Mikataba mingi ina mstari unaosema kama aliyekuwa anaendesha ni kijana wa chini ya umri fulani, au leseni yake haijakomaa, ekses inaongezeka. Mstari huo uko ndani, kwa herufi ndogo, na hakuna anayeusoma siku ya kulipa. Uusome wewe. Mwambie wakala akuoneshe kwa kidole: umri gani, leseni ya muda gani, kiasi gani.

Sasa bima ndogo inafanya nini. Sheria ya Bima ya Magari, Sura 169, inakutaka uwe na bima ya kumlipa mtu mwingine utakayemuua au kumjeruhi kwa gari lako. Huo ndio msingi wake, kumlinda yule wa barabarani. Mikataba yetu mingi inaongezea na mali ya mtu mwingine uliyoigonga, ukuta, gari, duka, lakini mpaka kikomo kilichoandikwa. Gari lako wewe haligusi. Limewaka moto, limeibiwa, limeingia mtaroni, ni lako peke yako.

Bima kubwa inalipa hao wengine na inalipa na gari lako. Kiwango chake kwa gari binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani. Kwa 7,500,000 ni 262,500, na VAT inakuwa 309,750. Katikati yake ipo ya mtu mwingine pamoja na moto na wizi, watu wengi hawaiulizi.

Kwa 150,000 uliyonayo, kesho asubuhi kata bima ndogo halali. Mjadala wa bima kubwa tuufanye gari likiwa tayari lina bima.

Nachingwea Mjini

Dada umeeleza vizuri ila hapo mwisho sikubaliani nawe. Kijana ana gari moja, limenunuliwa kwa hela ya korosho za mama, ndio mali kubwa kuliko zote nyumbani kwao. Halafu ndiyo wiki yake ya kwanza barabarani. Dereva mgeni anagonga, tuseme ukweli. Akililaza hilo gari mwezi ujao, bima ndogo itamlipa nani? Akope akate kubwa.

Fundi wa Magomeni

Mkuu wa Nachingwea, kukopa ili ukate bima nakukataza. Ila hesabu yake nitaiweka hapa kwa upande wa gereji.

Vitz ikigonga mbele kwa mwendo wa mjini, unabadilisha bampa, taa, pengine rejeta na boneti. Spea za Vitz zimejaa, nyingi za kutoka kwenye magari yaliyokatwa, ndiyo maana vijana wanaipenda. Ajali nyingi ninazopokea ni za aina hiyo. Ukiwa na bima kubwa yenye ekses kubwa, unakuta uharibifu wote uko chini ya ekses au umeipita kidogo tu, na mwenye gari anatoa mfukoni kama yule asiye na bima. Bima kubwa inakuja kuonekana thamani yake gari likipinduka, likiungua au likiibiwa.

Tofauti kati ya bima mbili ni 191,750. Ukiigawa kwa miezi 12 ni kama elfu 16 kwa mwezi. Kijana akiweka hiyo elfu 16 pembeni kila mwezi na asiiguse, mwisho wa mwaka ana hela ya ajali ndogo, na asipogonga ni yake.

Nachingwea Mjini

Na ikipinduka mwezi wa pili akiwa na elfu 32 kwenye kopo?

Dada wa Stika

Nyote wawili mna hoja, na ndiyo maana huwa sitoi jibu moja kwa kila mteja. Ninamuuliza: gari hili likipotea kabisa leo usiku, unaweza kuendelea na maisha kwa uchungu, au nyumba nzima inasimama? Kama lina deni la benki au la ndugu, au ndilo linaloleta chakula, basi bima kubwa ni ya lazima hata kama ni kufunga mkanda. Kama ni gari la kutembelea, na kazi unaweza kwenda hata kwa miguu, bima ndogo pamoja na kopo la fundi si vibaya kwa mwaka wa kwanza.

Halafu jingine ambalo Nachingwea hukulisema. Kuna wanaotaka bima kubwa wakaipunguza kwa kutaja thamani ya uongo. Jamaa ana IST ya 12,000,000, anaandikisha 8,000,000 ili alipe kidogo. Akapata uharibifu wa 3,000,000. Kampuni inasema wewe umekatia bima theluthi mbili ya gari, nasi tunalipa theluthi mbili ya uharibifu. Anapata 2,000,000, na hapo ekses haijatoka. Nimekaa na watu wakilia ofisini kwa jambo hili, na sikuwa na la kuwasaidia, maana mkataba ulikuwa umeandika.

Mama wa Mnazi Mmoja

Nimesoma nikaona niandike, ingawa ni jambo linaloniuma mpaka leo.

Mimi niko Lindi. Nilikuwa na miaka 25 nilipopata gari langu la kwanza. Kulikuwa na mtu anatuuzia stika pale tulipokuwa tunaegesha, 70,000. Stika ilikuwa nzuri, ina namba, ina rangi zote, trafiki wakiangalia kioo wanapita. Nikaona wanaolipa kamili hawajui mji.

Jioni moja natokea Mtama, kwenye njia panda ya Mnazi Mmoja bodaboda akanikata mbele, nikampata mguuni. Mguu ukavunjika. Polisi wakaja, wakapima, wakachukua namba ya gari wakaitafuta kwenye mfumo. Haipo. Gari halina bima. Yule mtu aliyeniuzia simu yake haikupatikana tena tangu siku ile.

Mwenye bodaboda alikuwa kijana mwenye mke na mtoto mchanga. Matibabu, nauli za ndugu zake, miezi aliyokaa bila kufanya kazi, vyote vikanijia mimi. Nililipa 2,300,000 kwa vipande vipande, na gari nikaliuza ili nimalizie. Lakini kinachonirudia usiku si gari. Ni yule mama yake kuniuliza, "Sasa mwanangu, bima yako si ndiyo ya mambo haya?" Nikakosa jibu.

Kwa hiyo yule anayesema bima ndogo ni ya kumridhisha trafiki, naomba asikilize. Ni ya yule kijana wa bodaboda. 118,000 ingemlipa.

Kijana wa Chikongola (mleta uzi)

Dada yangu wa Lindi, pole sana. Nimemsomea mama ulichoandika. Amesema nikupe pole yake pia.

Nimeshamjibu jamaa wa stendi kwamba sitachukua. Ila sasa nina swali: kumbe stika ya bandia inafanana na halali, mimi nitajuaje ya kwangu ni ya kweli, hata nikilipa 118,000?

Dada wa Stika

Hapo ndipo nilipokuwa nakusubiri.

Usiamini karatasi wala stika, amini mfumo. TIRA wana mfumo unaoitwa TIRA MIS. Unafungua kwenye simu yako, unaweka namba ya gari au namba ya stika, inakuletea bima iliyopo: kampuni, aina ya bima, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Haina malipo. Fanya hivyo ukiwa bado umekaa mbele ya wakala, kabla hujainuka kwenye kiti. Gari lako lisipoonekana, hela haijafika inakopaswa kufika, na usikubali maneno ya "itaonekana kesho kutwa".

Soma na aina ya matumizi iliyoandikwa. Kuna wanaokuta gari limeandikwa sivyo, au namba ya usajili imekosewa herufi moja. Herufi moja tu, siku ya madai inakuwa kesi.

Malipo weka kwenye akaunti au namba ya malipo ya kampuni yenyewe. Wakala asikupe namba yake binafsi ya simu ulipe huko. Na bima ya gari inaanza ukishalipa, hakuna bima ya "nitamalizia wiki ijayo". Wakala halali ana leseni ya TIRA, muombe uione, asione vibaya. Mimi yangu ipo ukutani. Kama hutaki mawakala, nenda ofisi ya kampuni moja kwa moja, Shirika la Bima la Taifa na kampuni binafsi, au upitie benki, siku hizi benki nyingi zinauza bima dirishani. Bei ni ile ile.

Na jambo ambalo nilisahau jana: kadi ya gari bado ina jina la yule wa Dar?

Kijana wa Chikongola (mleta uzi)

Ndiyo, bado jina lake. Tuna mkataba wa mauziano tu, uliopita kwa mwanasheria.

Dada wa Stika

Basi anza TRA. Badilisha umiliki uwe jina lako, au la mama kama yeye ndiye mwenye gari. Bima inamlinda mwenye maslahi na gari. Ukikata bima kwa jina la mtu wa Dar ambaye ameshauza, siku ya madai kampuni inauliza huyu anadai nini wakati gari si lake, na wewe unadai nini wakati bima si yako. Kama ubadilishaji utachukua siku, nenda kwa kampuni na mkataba wa mauziano, waeleze ukweli, waandike hivyo. Ukweli ulioandikwa tangu mwanzo haukuumizi.

Mzee wa Mikindani

Marahaba wajukuu.

Nimeendesha magari ya mizigo miaka 31, korosho kutoka Newala na Tandahimba kuja bandarini, na saruji baadaye. Nimestaafu. Mjukuu, mambo ya hesabu umeelezwa na dada yako na sina la kuongeza. Mimi nakuuliza: nani mwingine atashika usukani wa hiyo Vitz?

Maana kijana akipata gari, marafiki wanazaliwa. Huyu anataka ajifunze uwanja wa mpira, yule anataka alitoe mara moja mpaka Mangamba. Bima inataka mwenye leseni hai ya daraja linalohusika. Kwa gari lako ni daraja D. Leseni ya rafiki yako ikiwa imeisha tangu mwaka jana, au ana ya pikipiki tu, ajali yake inakuwa yako mfukoni. Mpwa wangu alimpa mtu gari lake kwa kumwonea aibu tu, akashindwa kusema hapana. Amelipa aibu hiyo kwa miaka miwili. Mjukuu, sema hapana, atakayekasirika akasirike.

Na msimu wa korosho ukifika, kuanzia Oktoba, usiku usitembee kama huna dharura. Malori yanaegeshwa pembeni hayana taa, pikipiki zinabeba magunia hazina taa. Bima bora kwa kijana ni kulala saa 3.

Mtoto wa Naliendele

Shikamoo babu. Na mimi niongezee swali, samahani mleta uzi. Mimi nina Probox, bima ndogo binafsi ya 118,000. Wikiendi nabeba abiria kwa mchomoko, na msimu wa korosho nabeba magunia mawili matatu ya watu mpaka ghalani kwa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), wananipa hela ya mafuta na kidogo ya juu. Bima yangu inanikinga?

Dada wa Stika

Haikukingi, mdogo wangu, na nasikitika kukwambia.

Umekata bima ya matumizi binafsi. Kupokea nauli kunaligeuza gari kuwa la biashara, na kubeba mzigo wa watu kwa malipo nako vilevile. Bima za abiria na za mizigo zina viwango vyake, vya juu kuliko binafsi, na ya abiria inahesabu na viti. Ukipata ajali ukiwa na abiria wanne waliokulipa, kitu cha kwanza mpelelezi wa kampuni anawauliza ni kama mlitoa nauli. Abiria aliyevunjika mkono hatakufichia, na hapaswi kukufichia.

Hapa ndipo vijana wengi wa kusini wanaanguka, na naelewa kwa nini. Mwezi wa Novemba hela iko barabarani, unaiona. Kama unataka kuifuata, kata bima inayolingana na kazi na upate leseni na kibali kinachotakiwa. Hesabu gharama hizo ndani ya nauli. Kama haitoki faida baada ya hapo, basi ile faida uliyokuwa unaiona ilikuwa ni hela ya abiria aliyejeruhiwa ambayo bado hajakudai.

Nachingwea Mjini

Dada, na mafuriko? Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokata barabara Somanga nilikuwa njiani narudi kutoka Dar, nimeona magari yakiingia kwenye maji. Bima inalipa?

Dada wa Stika

Bima ndogo hailipi gari lako kwa maji wala kwa lolote. Bima kubwa, kuna mikataba yenye mafuriko na dhoruba ndani yake, na kuna inayotaka uombe nyongeza. Kwa sisi tunaotegemea barabara ile ya pwani, liulize kabla hujatia saini, na jibu liwe kwenye karatasi. Na dereva aliyeyaona maji yamefunika barabara akajitosa kwa makusudi anaipa kampuni sababu ya kubishana naye. Kioo cha mbele nacho kina kikomo chake, ulizeni hasa nyie wa njia ya Newala, mawe ya malori hayabagui. Kutu ya chumvi ya bahari hakuna bima inayoilipa.

Fundi wa Magomeni

Kutu ndiyo inayonilipa mimi, na dawa yake ni kuosha chini ya gari kwa maji baridi kila baada ya wiki mbili. Wanaoegesha Shangani karibu na bahari wananielewa.

Mama wa Mnazi Mmoja

Mleta uzi, mimi nimejifunza kwa njia ngumu cha kufanya ajali ikitokea, acha nikuandikie.

Simama. Washa taa za tahadhari. Aliyejeruhiwa kwanza, mengine baadaye. Ita polisi na usisogeze gari mpaka wapime, labda kama wao ndio wamesema lisogezwe. Piga picha za pande zote, na namba za magari. Majeruhi apate PF 3, fomu ya polisi kwa ajili ya hospitali. Taarifa ya polisi ya ajali, PF 90, ndiyo kampuni itakayoitaka, pamoja na leseni yako na kadi ya gari. Kampuni ipigie simu siku hiyo hiyo. Na msimalizane pembeni. Watakuja watu wazima wenye busara watasema kijana toa laki mbili yaishe. Ukishatoa na kukiri kosa bila kampuni kujua, umeshavunja mkataba wako mwenyewe, na mguu ukija kukatwa mwezi wa tatu, ile laki mbili haikumbukwi na mtu.

Gari langu la pili lina bima ya kweli. Mwaka juzi liligongwa kwa nyuma na gari la mtu, bima ya yule mtu ikachelewa kulipa miezi. Nilipeleka malalamiko kwa maandishi kwenye kampuni hiyo, nakala nikaipeleka TIRA ofisi ya kanda. Nikaelekezwa na kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ikibidi. Haikufika huko, walilipa. Siri yake ni kuandika. Kila simu niliyopiga niliandika tarehe, niliongea na nani, alisema nini.

Kijana wa Chikongola (mleta uzi)

Wakubwa zangu, nimerudi na mrejesho baada ya siku tano.

Nilikaa na mama na mjomba Jumapili. Niliwauliza lile swali la dada: gari likipotea leo usiku itakuwaje? Mama akanyamaza kwa muda, akasema yeye anaumia kwa mgongo wake zaidi ya gari, na kazini kwangu naweza kwenda hata kwa miguu. Mjomba alikuwa upande wa Nachingwea. Tukakubaliana hivi: mwaka huu bima ndogo, na elfu 16 kila mwezi anaishika mama, si mimi. Mwakani korosho zikikaa vizuri tunakata kubwa. Mpaka hapo sitatoka nalo nje ya Mtwara mjini na Mikindani, na gari linalala ndani ya geti kwa mjomba.

Kubadilisha jina tumeanza TRA, liwe la mama. Nimekwenda kwa kampuni na mkataba wa mauziano, nikawaeleza yote. Nimelipa 118,000 kwenye namba ya malipo ya kampuni, nikakaa pale pale kwenye kiti nikafungua mfumo. Gari likatokea, namba sawa herufi kwa herufi, matumizi binafsi. Nikauliza na kikomo cha mali ya mtu mwingine, akanionesha kwenye mkataba kwa kidole. Nimebaki na 32,000 mpaka tarehe 30, tutakula mihogo na samaki, hakuna neno.

Babu wa Mikindani, usukani sijampa mtu. Mmoja amenuna.

Nina jambo moja nataka kuuliza. Yule jamaa wa stendi bado yupo pale na watu wanachukua. Nifanyeje?

Dada wa Stika

Umenifurahisha sana. Kuhusu yeye, usigombane naye. TIRA Kanda ya Kusini wana ofisi hapa hapa Mtwara, nenda ukatoe taarifa, au polisi. Kama unamjua aliyenunua kwake, mpe namna ya kuangalia gari lake kwenye mfumo, akishaona kwa macho yake hutahitaji kumshawishi.

Kijana wa Chikongola (mleta uzi)

Nimefanya hivyo jioni hii. Wawili tunaofanya nao kazi walinunua kwake mwezi uliopita, mmoja gari, mmoja Bajaji. Tumeingiza namba zao kwenye simu yangu hapa dukani. Hakuna iliyotokea. Mwenye Bajaji ameirudisha nyumbani kwa kuisukuma, anasema hawezi kuiwasha akijua haina kitu. Kesho saa 2 asubuhi tunakwenda TIRA wote watatu, na stika zao mkononi.